Beti Nne kwa Pipa Moja

Jumatatu, 16 Juni 2025

Nimeletewa mpinzani. Wa chuma, rangi ya bluu, ana kioo kidogo usoni. Kakaa shimoni kwenye bomba kuu, hatua tano kutoka kibanda changu. Jina lake dira ya maji. Inapima maji yenyewe, mchana na usiku, wala haili.

Aliyeileta ni Injinia Ghati, binti wa mkoani Mara, umri wa kitinda mimba wangu. Adabu anayo. Kanipa shikamoo, halafu kaniambia nisijisumbue tena na pipa.

Kujisumbua! Miaka ishirini na nane napima maji ya chanzo hiki cha Titye kwa pipa la lita mia mbili. Naelekeza bomba pipani, naimba, likijaa nahesabu beti. Wimbo ni ule wa kupura maharage. Mhandisi aliyejenga mradi mwaka 1997 aliupima kwa saa yake ya mkononi: ubeti mmoja, sekunde kumi. Kisha akaondoka na saa yake. Tukabaki na wimbo, mimi na marehemu mke wangu, Apoline. Yeye akiongoza, mimi naitikia, maji yananguruma pipani, ukungu bado umelala bondeni. Sijapata tena asubuhi kama zile.

Dira inasema lita tano kwa sekunde. Daftari langu linasema sita na ushee. Mmoja wetu mwongo, na si mimi.

Wakiiamini, kibanda kitafungwa. Kibanda tulichokandika kwa mikono yetu! Niende wapi?

Jumanne, 17 Juni

Gulioni Makere. Kuna Mulenda, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, fundi redio. Nikamweleza shida yangu kwa kuzungukazunguka. Akaielewa haraka mno.

“Papa, dawa iko moja tu,” akasema, akachomoa sumaku kwenye spika kuukuu. “Hii iko na nguvu ya kupita. Mashine yote inalala.”

Nikampa maharage kilo mbili. Rafiki wa kweli.

Watu wa mradi wanasahau kwamba daftari langu lilishakamata mwizi! Hapa kibandani zinapita lita sita na ushee, tangini kijijini zinafika tano. Katikati bomba linapita nyumba moja tu, ya Anifa muuza vitumbua. Mimi ndiye niliyempelekea mwenyekiti wa jumuiya ya maji hesabu hiyo. Koki ya Anifa ikafungwa tangu mwaka jana. Anachota bondeni. Alikuwa shoga wa Apoline, basi iliniuma. Lakini kazi ni kazi.

Jumatano, 18 Juni

Sumaku ni ya kweli. Kweli kupita kiasi.

Niliinama shimoni alfajiri. Kabla haijaifikia dira, ikanivuta mkono na kung'ang'ania mfuniko wa chuma. Nikavuta. Nikasukuma kwa mguu. Nikaleta jembe. Jembe nalo likanasa!

Injinia Ghati akatokea na mswaki mdomoni. Akauliza ile ni nini. Nikasema ni yangu, ya kutundikia vitu visipotee. Akatafakari. Akasema ni wazo zuri sana, mzee, akatundika funguo za shimo.

Dira: lita tano. Haikupepesa jicho.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeomba shindano. Pipa dhidi ya dira, mbele ya Mwenyekiti Rashid wa jumuiya ya maji. Alifika baada ya swala, kanzu nyeupe, akasimama mbali na matope.

Nikavaa koti la harusi. Nikafungulia maji. Nikaimba kwa moyo wote. Pipa likajaa: beti tatu kamili! Sekunde thelathini. Lita sita na ushee! Nikamgeukia dira kwa huruma.

Ghati alikuwa ameshika simu. Akasema simu inaonyesha sekunde arobaini. Nikasema simu imechoka. Tukarudia. Beti tatu, sekunde arobaini. Mara ya tatu, hivyohivyo.

“Mzee,” akasema, “hebu niimbie ubeti mmoja tu. Bila maji.”

Nikaimba. Sekunde kumi na tatu na kitu.

Nikamwambia haiwezekani, ule ubeti ni sekunde kumi tangu mwaka 1997, mtu alipima. Hakubisha. Akaomba daftari, akafunua kurasa moja moja. Tano, tano, tano, miaka na miaka. Halafu tano na robo. Tano na nusu. Sita.

“Zinaanza kupanda Machi 2016. Maji yaliongezeka?”

Hayakuongezeka.

“Sasa kulitokea nini?”

Nikamwambia. Machi 2016 nilimzika Apoline.

Mwenyekiti akatazama milima. Ghati akalifunga daftari taratibu, akalifuta vumbi kwa kiganja, akanirudishia kwa mikono miwili.

Kumbe marehemu ndiye aliyekuwa akinivuta wimboni. Apoline alikuwa mtu wa haraka: kupika haraka, kucheka haraka, hata kufa hakukawia. Wimbo ulikuwa wake. Mimi nilikuwa nyuma tu, naitikia. Alipoondoka nikaendelea peke yangu, kidogo kidogo nikapoa, wala sikusikia.

Maji hayakupotea hata tone. Hakuna mwizi.

Anifa!

Jumamosi, 21 Juni

Mwenyekiti kaagiza koki ifunguliwe, na wa kuifungua niwe mimi. Nikabeba spana.

Nilimkuta uani anakoroga unga. Nikaeleza yote nikiwa nimesimama. Hakunikaribisha kiti.

“Shemeji,” akasema, “kwa hiyo mwaka mzima nimepanda kile kilima na ndoo kichwani kwa sababu wewe unaimba polepole?”

Nikasema ndiyo.

“Na watu wameniita mwizi wa maji.”

Nikasema ndiyo. Nikasema atanisamehe akipenda, asipopenda pia ni haki yake. Akaendelea kukoroga. Nikafungua koki. Maji yakakohoa, yakatoka na kutu, kisha yakatakata. Akakinga ndoo, akaitazama ikijaa.

Halafu akauliza niliimbaje. Nikamwonyesha. Akashika kiuno. “Huo ni wimbo wa msiba! Apoline hakuimba hivyo.”

Akaimba yeye. Haraka, kwa kupiga makofi, mguu ukigonga chini, vilevile tulivyopura uwanjani kwetu, makapi yakiruka, Apoline na kitambaa chake cha njano. Nilisimama na spana mkononi. Ubeti ukaisha. Nikamwomba aurudie.

Akaurudia. Kisha akanifungia vitumbua vinne. Akasema kusamehe bado, hivyo ni vya njiani.

Jumatatu, 23 Juni

Habari njema! Ghati kaniombea kwa mwenyekiti. Nabaki kibandani. Kazi yangu kusoma dira asubuhi na jioni na kuandika. Basi. Nimeahidi mbele yao sitapima tena kwa wimbo. Nimeapa.

Na kiapo nimekitimiza. Leo nimepima kwa moyo.

Kwani kosa la wimbo lilikuwa nini? Unategemea mwimbaji. Moyo hautegemei mtu. Unapiga mara moja kila sekunde, Mungu mwenyewe kaurekebisha. Nikaliviringisha pipa kilima kizima hadi juu chanzoni, mbio, nisikutane na Ghati. Nikafungulia maji palepale, nikashika mshipa wa mkono huku bado nahema, nikahesabu.

Mapigo sabini! Lita hazifiki hata tatu!

Nikashuka kuitazama dira. Lita tano, uso mkavu. Bado changa, haijawajua watu.

Maji yanaibwa, tena huku juu. Na huku juu shamba ni moja tu, la Gasper. Nyanya zake zimestawi mno kwa kiangazi hiki cha Juni. Kesho mapema naenda kwa mwenyekiti. Safari hii sibahatishi.