Sisimizi wa Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kihistoria! Nimechimbua sisimizi nyuma ya karakana yangu ya kuchora vibao. Si wale wahuni wa sukari. Hawa ni wavunaji: wanaokota mbegu, wanazimenya, wanaziweka ghalani. Kama elfu moja hivi, na malkia wao. Wameniuma vidole vinne. Sikulalamika, ila kwa sauti.

Nimewaweka, na udongo wao, katika sanduku la kioo lililobaki kutoka mradi wa samaki. Samaki siwazungumzii. Sanduku liko chumba cha nyuma, na hapo ndipo penye vita. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi cherehani, anakitaka chumba hicho aweke mashine yake. Nyumba ni ya mama mkwe, naye anakuja Ijumaa kuamua. Mke wangu amesema nikikosa cha maana cha kumwonyesha mama, nihamishe takataka zangu. Takataka!

Nimechora kibao cha mlangoni: KITUO CHA UTAFITI. Herufi nyekundu, kivuli cheusi. Kazi nzuri, ingawa niliisaini mara mbili.

Jumanne, 4 Machi

Lishe. Nimewapa mchele: wameupita kama hawaujui. Makombo ya mkate: wameyatupa kwenye jaa lao, pembe ya kushoto. Ndiyo, wana jaa! Kisha ulezi. Furaha tupu. Punje inabebwa, inamenywa, makapi yanaenda jaani, punje inaingia ghalani. Wanachambua kuliko ungo wa mke wangu. Sitamwambia hivyo. Nimemwambia. Hanisemeshi.

Ulezi nimeutoa kwenye kopo la mbegu la mama mkwe, lililo ndani ya kabati la chakula. Alilitanguliza ili apande mvua zikianza, na mke wangu amekataza mtu kuligusa. Nimechukua ukufi mmoja tu. Ukufi mmoja si wizi, ni utafiti.

Kuna mmoja mwenye kichwa kikubwa, anazunguka kutwa bila kubeba kitu. Nimempa jina la Shemeji.

Jumatano, 5 Machi

Sita wametoroka. Mmoja kapatikana ndani ya soksi ya mke wangu, mguu nao ukiwa ndani. Amenisemesha sasa. Yaliyosemwa kuhusu ukoo wangu sitayaandika.

Lakini akili ni mali. Miguu ya kabati la chakula husimama ndani ya makopo manne ya maji, sisimizi wa sukari wasipande. Kinachozuia kupanda kitazuia kushuka! Nimehamisha makopo yote manne, nimeyaweka chini ya miguu ya meza inayobeba sanduku. Kundi langu sasa liko kisiwani. Hata kifuniko cha sanduku nimekiondoa, wapate hewa. Kabati litavumilia mpaka Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi

Uvamizi! Nilipokuwa kazini, shemeji (binadamu) aliingia kituoni kupima pa kuweka mashine. Kibao hakukisoma. Akaisahau futi yake ya kupimia nguo: ncha moja ndani ya sanduku, nyingine sakafuni. Daraja, tena lenye namba!

Nilirudi jioni nikakuta kazi imepamba moto. Upande wa inchi walikuwa wanashuka, upande wa sentimita wanapanda, kila anayepanda na punje yake mdomoni. Nikaufuata msafara: ukumbini, jikoni, mguu wa kabati usio na kopo la maji, hadi ndani ya kopo la mbegu. Kifuniko chake nilikisahau Jumanne. Kopo tupu! Limebaki vumbi na harufu ya kesi.

Nilimwambia shemeji kwamba yeye ndiye aliyejenga daraja. Akaniuliza nani alitoa makopo ya maji. Maswali mengine ni ya kukosa adabu. Tumekubaliana, kwa mara ya kwanza tangu harusi yangu, kwamba hatutamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Alfajiri tulichimba ghala lao, mimi kwa kijiko, shemeji akipuliza mchanga. Tumeumwa sawasawa, kwa haki. Kopo likajaa tena, tukalifunika, mama mkwe akabisha hodi.

Nilimpokea mzigo. Shikamoo nilitoa mbili, moja ya akiba. Hata chai hakungoja, akataka kopo lake. Akatia mkono, akazitazama punje kiganjani. Akauliza nani amechambua mbegu zake, maana hakuna kapi wala jiwe. Nikasema ni mimi, mama, na timu yangu. Akasema hajaona ulezi safi hivi tangu aolewe! Shemeji alificha vidole vilivyoumwa. Mke wangu alinitazama kama mgeni aliyekuja na zawadi.

Chumba ni changu. Mama mkwe amefunga punje mia katika kitambaa kibichi aone kama zinachipua, ndivyo afanyavyo kila mwaka kabla ya kupanda. Uamuzi atautoa baada ya hapo. Wazee wana mambo yao.

Jumanne, 11 Machi

Kitambaa kimefunguliwa. Punje mia. Zilizochipua, mbili.

Mama mkwe alivaa miwani, akaiinua punje moja dirishani, akasema imeng'atwa ncha. Nikafurahi kupita kiasi! Nikamweleza kuwa sisimizi hufanya hivyo makusudi, ghala lao lisigeuke shamba. Nikaongeza kwamba zile mbili bila shaka zilikuwa zamu ya Shemeji, ambaye ni mvivu. Ikabidi nieleze sisimizi gani. Kisha Shemeji yupi. Mke wangu alivuta kiti akakaa, kama anayengoja mpira uanze.

Mama mkwe hakupandisha sauti.

"Mwanangu, mbegu hii niliachiwa na mama yangu. Wadudu nawasamehe, wao wamefanya kazi. Wewe umefanya nini?"

Niliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakawaka moto.

Chumba kimekwenda kwa shemeji. Mama mkwe amepanda zile punje mbili kwenye kikombe cha udongo, akanikabidhi mimi. Nikitunza, ukoo wa mbegu utaendelea. Nisipotunza, amesema, nisimwite mama tena. Nimeapa kwa mkono ulioumwa.

Jumatano, 12 Machi

Nimeamka mtu mpya. Kosa langu nimeliona: lilikuwa chumba. Chumba cha nyuma kina watu wengi.

Nimehamishia sanduku chini ya kitanda chetu, mke wangu akiwa sokoni. Miche miwili nimeiweka mahali salama kabisa, juu ya kabati la chakula. Shemeji, mwenye kichwa kikubwa, leo kaanza kupanda ukuta wa kioo. Anajituma! Wenzake wanamfuata.

Lazima niwazuie wasipande kitandani. Kitanda kina miguu minne. Kabati la chakula limerudishiwa makopo yake ya maji, nayo ni manne. Nitayaazima mpaka Ijumaa tu.