Bob Mwenye Tiketi ya Kuonja

Gazeti la asubuhi liliandika kwamba jamaa wa kijiji cha jirani kaingiza gari kwenye shamba la kabichi, na polisi walipomuuliza akajibu, "Nilionja tu." Kwenye benchi nje ya baa ya Trees wateja walicheka hadi machozi, huku wakisubiri saa kumi na moja ifike wakaonje bia za vuli kiwandani, mlango wa pili.

Godelieve hakucheka. Zamu ya Bob, yule dereva asiyegusa pombe, leo ilikuwa ya Wannes, mwanawe. Na huyo Bob alikuwa na tiketi ya kuonja mfukoni.

"Mwanangu, si utatema, kama watu wa mvinyo?"

"Bia haitemwi," akadakia Profesa, tarishi mstaafu wa posta asiyekosa jibu. "Uchungu wake uko kooni. Usipomeza hujaonja."

"Basi Bob asionje."

"Mama nawe. Glasi sita tu, ndogo kama za dawa," Wannes akasema.

"Na kila glasi ina chakula chake," akaongeza Povu, seremala mwenye masharubu meupe. "Ya kwanza kome, ya nne mchuzi wa nyama, ya sita chokoleti. Katikati kuna jibini. Jibini inafyonza pombe yote."

"Yule wa kabichi hakupewa jibini?" akauliza Godelieve.

"Alipewa changa. Inatakiwa iliyozeeka."

Godelieve akamwomba Trees glasi sita kama zile za kiwandani, na jagi la maji. Akazijaza zote, kisha akazimimina moja moja kwenye bilauri za bia. Ya kwanza ikajaa. Ya pili ikajaa. Ya tatu ikavuka nusu. Akazisukuma mbele ya Wannes.

"Dawa yako hiyo. Na bia ya kiwandani ni kali mara mbili ya hii ya Trees."

Profesa akakohoa.

"Kitaalamu, Godelieve, hayo ni maji."

"Ndiyo. Na wewe unarudi nyumbani kwenye gari lake. Unataka awe amekunywa nini, haya au bia?"

Profesa akazitazama bilauri, akamtazama Wannes, akapeleka mkono polepole kwenye mfuko wa kijana na kuchomoa tiketi.

"Kunywa maji, mwanangu," akasema, akiinuka. "Zako sita nitazibeba mimi. Usalama kwanza."

Povu akamfuata mbio, akidai glasi tatu, nusu kwa nusu.