Video ya Dakika Sabini

Jumatatu, 10 Juni
Tangu kompyuta zianze kuwaka duniani, hakujazaliwa jicho kali kama langu. Hitilafu zikisikia nimefika kazini hujitokeza zenyewe, mikono juu. Na hayo yote bila kumaliza chuo. Chuo ndicho kilichoshindwa kunimaliza.

Leo nimenasa nyangumi. Programu tunayoijaribu, ya kliniki ya meno, imefuta majina yote ya wagonjwa wa kesho. Orodha nyeupe pe! Nikarekodi kioo cha kompyuta dakika sabini, na maelezo kwa sauti yangu mwenyewe. Kiongozi wetu, mama mpole mwenye kalamu sikioni, akasema niandike tu: nilibonyeza nini, nikaona nini. Kuandika! Hiyo kazi ya wasio na video. Miwani, mpinzani wangu, ndiye huandika mistari mitatu na kapicha kadogo kama stempu. Maskini.

Mfumo wa kuripotia hitilafu umeikataa video. Eti kiambatisho kisizidi MB kumi. Yangu ina elfu moja na mia nne. Wivu tu.

Ijumaa miezi yetu mitatu ya majaribio inaisha, na nafasi ya kudumu ni moja. Nakaa kwa dada. Kasema nikiikosa, nihame. Shemeji ananiuliza kila asubuhi kama nimeajiriwa au bado najaribiwa kama dawa.

Jumanne, 11 Juni
Penye nia pana njia. Nimekata video vipande mia moja arobaini na tano, nikavipandisha kimoja kimoja. Nani angejua kwamba kila kiambatisho kinamtumia kila mtu ofisini barua pepe? Simu ya bosi ilitetemeka mbele ya wageni mpaka ikatembea yenyewe, ikaanguka chini. Fundi wa seva akatoka chumbani kwake, jambo lisilotokea tangu mwaka jana, akauliza ni nani huyu. Nikamtazama Miwani kwa huzuni.

“Kaka, usinitazame mimi,” akasema. “Jina lako lipo mara mia moja arobaini na tano.”

Mdomo kama wembe, yule!

Jumatano, 12 Juni
Nimeibana video mpaka MB tisa. Ikaingia! Nikajipigia makofi. Kiongozi akaifungua, akauliza kama ni video ya ukungu. Nikamwambia arudi nyuma kidogo, ataona. Akarudi. Nikamwambia arudi tena. Akafika koridoni, akaenda zake kunywa chai.

Mchana kliniki wakapiga simu. Kumbe yanawapata na wao. Watu kumi na wanne wamefika na mashavu yamevimba, majina hayapo. Bibi mmoja karudishwa nyumbani mara ya pili na jino lake. Bosi kataka dawa kabla ya Ijumaa jioni. Nikasema dawa ipo, watu ndio hawataki kufungua viambatisho.

Alhamisi, 13 Juni
Mfumo umegoma. Seva imejaa. Fundi kafuta vipande vyangu vyote, pamoja na ule ukungu, huku akiimba. Mimi si mjinga: video kamili ninayo kwenye flashi, naivaa shingoni kama hirizi.

Kiongozi akaniomba, kwa upole wa daktari aliyeficha sindano, nikae nirudie mbele yake. Nikabonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Majina yametulia tuli, yananitazama. Miwani akauliza Jumatatu nilibonyeza nini hasa. Nikamjibu, “Dada, yote yamo kwenye video.” Akaenda kumpigia simu mpokea wagonjwa wa kliniki, wakacheka nusu saa kama mawifi. Umbea saa za kazi!

Ijumaa, 14 Juni
Bosi katuita wote. Nikachomeka flashi kwenye projekta, kwa madaha. Dakika ya tano, orodha nyeupe. Ya kumi, nyeupe. Sauti yangu lakini, tamu! Ya kumi na tano bosi akauliza majina yanapotea lini. Nikamwambia, “Mzee, vuta subira.” Akaivuta hadi ya ishirini, ikakatika.

Miwani akasoma mistari yake: fungua orodha ya kesho, bonyeza Hifadhi mara mbili harakaharaka, majina yote yanafutika. Kumbe mpokea wagonjwa ana kidole chepesi. Akabonyeza mbele yetu. Pu! Nyeupe. Kabla ya saa nane waandishi wa programu walikuwa wamesharekebisha, na bibi wa jino kapigiwa simu aje.

Nafasi kapewa Miwani. Mimi nimepewa mkono wa kwaheri. Shemeji kanisaidia kukunja mashuka, bila kuombwa.

Haidhuru. Nimeomba kazi kampuni nyingine. Barua ya maombi nimeirekodi, video ya saa mbili nzima. Tovuti yao haipokei zaidi ya MB tano, washamba hawa. Nipo kipande cha sitini na tatu.

Kule nilikotoka seva ilikuwa ndogo, fundi ana roho mbaya, Miwani ana bahati. Kilichoharibika kweli ni kimoja tu, na nakikiri hapa tu: nilipokumbuka kurekodi, majina yalikuwa yameshapotea.