Nyumba ya Shanwe Niliyoipata kwa Akili Zangu

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo nimeamua. Tunanunua nyumba!

Sababu ni Mama Lucia, mwenye nyumba wetu. Leo asubuhi ametangaza kwamba pasi ya umeme ni marufuku, redio mwisho saa mbili, na anayetaka kuoga mara mbili kwa siku akaoge mtoni. Alisema hayo akinitazama mimi, mwenye shati lisilo na mkunjo hata mmoja. Basi. Mwanamume mzima, fundi simu ninayejulikana stendi yote ya Mpanda, sitapangiwa kuoga.

Nyumba yenyewe ipo, tena hapa hapa Shanwe, mtaa wa nyuma. Ni ya Mzee Machibya, yule Msukuma mwenye ng'ombe. Matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na sebule, bati bado jekundu. Mzee na mkewe, Mama Dorotea, wanahamia Litapunga waliko watoto wao na mifugo. Akiba tunayo. Tumeiweka tangu tulipooana, mimi kwa vioo vya simu, mke wangu Theopista kwa dagaa wa Karema anaowauza sokoni.

Theopista akasema twende tukawasalimie wazee, tuwaulize wanauzaje.

Kuuliza! Pipi ndiyo huulizwa bei. Nyumba inataka mikakati. Nimemwambia aniachie mimi.

Jumapili, 3 Agosti

Balaa. Baada ya misa nimesikia Yotham naye anaitaka.

Yotham! Muuza matairi, mkanda wake una kichwa cha simba. Tulisoma darasa moja. Nilipopata baiskeli, yeye akapata pikipiki. Nilipooa, akaja harusini kavaa suti nzuri kuliko yangu, na kwenye picha zote watu wanadhani bwana harusi ni yeye. Sasa nyumba!

Sijala mchana. Tumbo linanguruma, jicho la kushoto linachezacheza. Daktari mmoja wa redioni alishauri kwamba mtu akiwa na msongo wa mawazo avute hewa kwa pua, aibane, aitoe taratibu kwa mdomo. Nikafanya, kwa bidii. Mama Lucia akagonga mlango kuuliza ni pumu au kifua kikuu, maana vyote viwili hataki kwenye nyumba yake.

Tumbo limezidi.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango umepatikana! Umekuja nikiwa nabandika kioo cha simu ya mtu. (Nimekibandika kinyume. Si neno, nitakibandua kesho.)

Yotham tangu utoto anaogopa mizimu kuliko polisi. Kwa hiyo nimekwenda kunywa chai kwa Mama Vénérande, mama ntilie wa stendi, ambaye ukimpa habari saa nne, saa sita iko Kasokola. Nikamwambia kwa siri, nikamwapisha kabisa, kwamba ndani ya nyumba ya Mzee Machibya saa za mchana husikika mtu akitwanga kinu. Ukichungulia, hakuna kinu wala mtu. Twang, twang, basi.

Mama Vénérande akashika kifua, akaapa hatamwambia mtu. Kisha akaniacha na chai yangu, akatoka mbio bila hata kufunika maandazi.

Nimemweleza Theopista. Hakucheka. Aliuliza kama nimefikiria kwamba mle ndani wanaishi watu. Nikamwambia mkakati hauangalii mambo madogo madogo. Akajifunga kitenge chake, akatoka bila kuniaga.

Alhamisi, 7 Agosti

Ushindi! Yotham amejitoa! Amepita kibandani kwangu mwenyewe, uso umepauka, kuniambia nyumba ile haifai kwa mtu mwenye familia. Nikasikitika naye. Nilisikitika vizuri sana.

Lakini habari yenyewe imekua. Asubuhi mteja amenieleza, huku akitetemeka, kwamba anayetwanga ni bibi asiye na kichwa. Mchana bibi akawa anaomba chumvi. Jioni Mama Lucia katusimulia kwamba bibi alitoka, akatembea hadi sokoni, akanunua chumvi, na chenji akaacha. Mimi mwenyewe nimeanza kumwogopa, na nilimzaa mimi.

Kuna jambo dogo halikunifurahisha. Mama Dorotea huuza maziwa mgando mlangoni pake. Leo nimepita, ndoo imejaa hadi juu na hakuna mteja. Mama wa watu amekaa tu, kiganja shavuni, anafukuza nzi. Akanisalimu kwa uchangamfu. Nikanunua kikombe kimoja. Nikanunua cha pili. Cha tatu hakikushuka vizuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, watu wote wanastarehe. Mimi nimefika nyumbani kwa Mzee Machibya na shati limepigwa pasi (kwa sufuria ya maji moto), tayari kutoa bei yangu ya chini.

Nje limeegeshwa gari jeupe. Ndani, kwenye kiti cha heshima, amekaa Manyanda, mganga wa tiba asili mwenye wateja hadi mikoa ya jirani. Amesikia habari za bibi wa kinu. Amekuja kununua nyumba! Anasema sehemu zenye mizimu iliyokwisha kuamka yenyewe ni adimu sana siku hizi, kwingine inabidi uanze upya. Ametaja bei ambayo Yotham angeuza matairi yote na mkanda asiifikie.

Mzee Machibya akasema atafikiria. Akanitazama. Akaniuliza, "Na wewe fundi, umekuja kwa shida gani?"

Nikasema nimekuja kuuliza kama kuna simu ya kutengeneza.

Akanipa redio. Sijui kutengeneza redio.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikulala. Theopista naye nimemkuta macho, anaangalia dari. Akasema polepole kwamba alikuwa ameshaanza kufikiria pazia la sebuleni litakuwa la rangi gani. Akageukia ukutani. Afadhali angenifokea.

Nimepanda bodaboda hadi kwa Manyanda, nikaamua kuwa mkweli kama mtu mzima. Nikamwambia hakuna bibi, hakuna kinu, ni maneno niliyoyatunga mimi.

Manyanda akanitazama kwa huruma. Akaeleza kwamba aliyechaguliwa na mizimu hukana kwanza. Wote hukana, hata yeye alikana. Akataka kujua kama siku za karibuni sina usingizi, tumbo linanguruma na jicho la kushoto linacheza.

Nikalifunika jicho kwa kiganja.

Akasema nikiwa tayari nirudi, ana nafasi ya msaidizi.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku ya aibu. Ngoja niandike upesi kabla sijaanza kujitetea.

Mpango ulikuwa safi. Kama watu waliamini kwa masikio, basi wataacha kuamini kwa masikio hayo hayo. Nimekusanya watu mtaani: Mama Vénérande, Mama Lucia, hata Yotham, aliyesimama mbali karibu na pikipiki yake ikiwa imewashwa. Manyanda akaja bila kualikwa. Saa sita mchana nikawapanga sebuleni kwa Mzee Machibya, ambaye alisema hajali, yeye anataka kulala, na akaingia chumbani. Nikawatangazia: nyamazeni, nyie wenyewe msikilize, halafu mniambie kinu kiko wapi.

Kimya. Nzi tu. Nikatabasamu.

Twang.

Nikadhani ni moyo wangu.

Twang. Twang. Twang.

Mama Vénérande akapiga yowe, akatoka na pazia la mlango likiwa limemzunguka shingoni. Pikipiki ya Yotham nikaisikia ikiishia upande wa stendi. Mama Lucia, ambaye kila siku ana goti bovu, alinipita. Na mimi, kwa kuwa mlango ulikuwa umejaa, nikatokea dirishani. Suruali ilibaki nusu kwenye msumari.

Nikaangukia uani, kifudifudi, mbele ya kinu.

Na mchi ulikuwa mikononi mwa mke wangu! Theopista anatwanga kisamvu, jasho linamtoka, na Mama Dorotea kando yake anachambua majani. Wamenitazama wote wawili. Glory, binti yetu, alikuwa amekaa kwenye mkeka anakunywa maziwa. Akasema, "Baba umeanguka."

Kumbe kila siku tangu Jumanne Theopista alikuwa anakuja hapa. Ndoo ya maziwa isiponunuliwa, anaibeba, anaipeleka kwenye meza yake ya dagaa na kumuuzia mama wa watu. Anamsaidia kufunga mizigo. Wanapika, wanapiga soga.

Manyanda peke yake hakukimbia. Alichungulia dirishani, akaona kisamvu, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Akasema ametoka kwake kote huko kwa ajili ya mboga. Akawasha gari akaondoka.

Jumanne, 12 Agosti

Theopista amenishika mkono na kunipeleka kwa Mzee Machibya, nikaseme. Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kusema bila kusema. Sikuipata. Nikapiga magoti, shikamoo, nikamwambia yote.

Mzee akacheka hadi akakohoa. Alijua! Mama Vénérande alimpelekea habari siku ile ile, na jina langu juu yake. Akasema alikuwa anangoja aone nitafika wapi. Lakini kicheko kilipoisha akaniambia jambo moja bila kupaza sauti: watoto wake saba wamekulia mle ndani, na mkewe amejisikia vibaya kuona majirani wa miaka mingi wanavuka barabara ili wasipite mlangoni pake. Ndiyo maana kwa Manyanda asingeuza kamwe, angetaja bei yoyote. Nyumba yake haikuwahi kuwa na mzimu, na hataki iondoke na sifa hiyo.

Nikaomba radhi. Nilimaanisha. Mama Dorotea akasema yamepita, akaniletea maziwa.

Kisha mzee akamgeukia Theopista, akamwita mama kwa Kisukuma. "Sasa mayu, lile ulilosema jana bado liko pale pale?"

Theopista akasema lipo. Kumbe alikuwa ameuliza. Aliuliza tu! Mama Dorotea anahudhuria kliniki ya presha hapa mjini, na wasiwasi wao mkubwa ulikuwa watafikia wapi wakitoka Litapunga. Theopista alimwambia chumba cha mbele kitakuwa chao siku yoyote watakayokuja, na chai juu.

Mzee akataja bei. Iko ndani ya akiba yetu, na mapazia yanabaki. "Wabeja, mayu," akamshukuru, akampa mkono. Kisha akanitazama mimi, nimekaa pale na suruali ya kuazima, akamwambia Theopista, "Na pole."

Alhamisi, 14 Agosti

Tumeandikishana serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti. Mnunuzi: Theopista. Nikaeleza kwa upole kwamba kwa kawaida mkuu wa kaya ndiye huandikwa. Mzee Machibya akasema yeye anamuuzia anayemjua.

Mimi nimeandikwa shahidi. Shahidi ni cheo kikubwa. Bila shahidi hakuna mauzo. Ukitazama kwa makini, nyumba hii imepatikana kwa saini yangu.

Yotham amekuja kupongeza. Akaniomba nimwombee kwa yule bibi asimfuate.

Jumapili, 17 Agosti

Nyumbani kwetu!

Nimeamka kabla ya jogoo wa jirani, nikazunguka vyumba vyote nikigusa kuta. Theopista amesimama mlangoni na kikombe cha chai, anatabasamu tu kama siku ile nilipomposa. Tumbo limetulia, jicho limetulia. Nimeoga mara tatu. Nimevuta hewa kwa pua nikaitoa kwa mdomo, na hakuna aliyegonga.

Shida moja tu, ndogo. Ndugu zangu wa Namanyere wakisikia nina nyumba yenye vyumba vitatu watakuja na magunia. Theopista akashauri tuwaambie ukweli, waje kwa zamu, tutawapokea. Theopista ni mtu mwema, lakini mambo ya mikakati hayawezi.

Kwa hiyo nimempigia Baba mdogo Sylvanus kabla hajasikia kwa watu. Nimemwambia bado tunapanga, tena tumehamia kwa mwenye nyumba mkali ajabu, hataki wageni hata wa kunywa maji.

Baba mdogo amekasirika kweli. Amesema mtoto wa kaka yake hawezi kunyanyaswa hivyo akiwa yeye yu hai. Kesho anapanda basi, yeye na shangazi wawili, waje kuongea na huyo mwenye nyumba ana kwa ana.

Hakuna tatizo. Kinachotakiwa ni mwenye nyumba tu. Kasimu wa buchani ana kitambi kizuri na sauti nzito, na kesho hafungui. Nitakwenda kumwona sasa hivi, kabla Theopista hajarudi kutoka kanisani.