Maji ya Samaki Kwenye Utosi wa Mkwe

Nyie vijana mnaoshinda humu kwenye kundi na simu zenu, wekeni vicheko pembeni kwanza. Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya wazee wenzangu, mbele ya samaki, na mbele ya kijana niliyekuwa nimeapa kumnyoosha.

Niko Njiro kwa mwanangu. Nimeshuka kutoka kwangu huko chini ya Mlima Meru kwa sababu leo wageni walikuwa wanakuja kumposa mjukuu wangu, Naserian. Binti sina shida naye. Shida ni huyo kijana, Lemayani. Majuzi alikuja kumchukua mjukuu wangu, akanisalimia akiwa ndani ya gari. "Mambo, Koko!" Koko ni bibi, sawa. Lakini Mambo? Hakushuka, hakuinamisha kichwa nimguse kama mtoto wa Kiarusha anavyomsalimia mkubwa. Akapandisha kioo, akaondoka. (Kioo chenyewe kinapanda kwa kitufe. Hata mkono hakuchoka.)

Nikamwambia mwanangu, "Wakija watakunywa chai, watarudi kwao bila jibu. Baraka yangu hawaipati leo. Waje tena wakiwa na adabu."

Mwanangu akasema, "Sawa, mama." Naserian akanuna. Hakuna aliyebisha, maana kwetu bibi asipobariki, hiyo posa ni chai tu.

Sasa, sebuleni kwa mwanangu kuna tangi la kioo, limejaa samaki. Mwarusha anafuga samaki! Hawakamuliwi, hawachinjwi, ukiwaita hawaji. Chini ya tangi, ndani ya kabati, kuna mashine kama ndoo yenye mfuniko. Wanaiita filta. Ina mipira miwili, mmoja unashusha maji machafu, mwingine unayarudisha juu yakiwa safi. Samaki wanachujiwa maji usiku na mchana! Sisi watu, bomba likitoa tope, tunaambiwa tuyaache yatulie.

Leo asubuhi filta ikawa inanguruma. Nikasema hapana, wageni wasije wakasikia kabati linasaga meno. Nikaichomoa kwenye umeme, nikaifungua. Sponji limejaa tope jeusi. Nikalisuuza, nikafunga, nikachomeka. Ikanguruma vilevile, na sasa maji hayaendi kabisa. Samaki wakapanda juu, midomo wazi, kama kwaya iliyokimbiwa na mwalimu.

"Koko, umefanya nini?" Naserian akapiga kelele.

"Usafi. Kitu ambacho nyie hamkijui."

Akampigia fundi wa samaki wa Daraja Mbili, akaweka sauti ya nje.

"Imebeba hewa, dada," fundi akasema. "Zima. Toa ule mpira wa kurudisha maji, ushushe chini, uvute kwa mdomo mpaka maji yaje yenyewe. Halafu ziba, urudishe upesi, uwashe."

Naserian akauangalia mpira. Una ute wa kijani. Akaziangalia kucha zake za posa. Mama yake akakumbuka chapati jikoni. (Chapati zilikuwa zimeiva zamani.)

"Lete hapa," nikasema. "Mimi nimevuta mafuta ya taa kwa mpira kabla baba yako hajaota meno."

Nikapiga magoti na shanga zangu za sherehe. Nikavuta. Hewa. Nikavuta kwa nguvu zote. Yakaja! Yakaja kwa wingi, tena na ladha ambayo siiandiki hapa. Mashavu yamevimba, kidole gumba kimeziba mpira. Pa kutemea sipaoni! Ndoo niliyosuuzia sponji Naserian kaipeleka nje.

Mlango ukafunguliwa. Wageni! Mbele yao mzee mmoja wa Olasiti na fimbo yake, pembeni mwanangu anatabasamu kama mwenyekiti.

"Mama, wageni wetu hawa."

"Mmmh."

"Mama?"

"Mmmh!"

"Shikamoo, mama," wageni wadogo wakasema. Jamani, marahaba haitoki ukiwa na nusu tangi mdomoni. Nimeze? Thubutu! Kula samaki kwenyewe hatukuzoea, sembuse kunywa maji yao ya kuogea.

Ndipo Lemayani akaja mpaka pale nilipo, akapiga goti, akainamisha kichwa. Mkono wangu mmoja una mpira, mwingine umeshika kabati. Simgusi. Naye hainuki. Akasema polepole, "Koko, siku ile ya gari nilikukosea. Nisamehe."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ujeuri wake. Kwa adabu sikujiandaa. Pumzi ikanitoka, na maji nayo. Phuuu! Utosini kwake, yote.



Nyie mliozaliwa huku mnajua. Mkubwa akimpulizia kijana maji au maziwa kichwani, ameshabariki. Hakuna kurudi nyuma. Yule mzee akainua fimbo. "Naai!" Wote wakaitikia, "Naai!", ndiyo amina yetu. Sauti ya Naserian ilikuwa juu kuliko zote.

"Ngojeni!" nikasema. "Hayo ni maji ya samaki!"

"Maji ni maji, mama," mzee akajibu.

"Nilikuwa navuta mpira!"

"Umetubariki kabla hatujakaa," mzee akasema, machozi yakimlenga. "Sisi tulijiandaa kukubembeleza mpaka jioni."

Kwa hasira nikasahau kidole. Mpira ukaachia, maji yakamrukia mzee miguuni.

"Na mimi tena!" akasema. "Naai!"

Naserian akaunyakua mpira, akaurudisha, akawasha. Filta ikakohoa, ikatulia, maji yakaanza kuzunguka. "Mnaona?" mzee akasema. "Hata chombo kimekubali."

Mwanangu alikuwa barazani, eti anapokea simu. Simu gani inamfanya mtu apige ukuta kwa ngumi huku kaziba mdomo asicheke?

Basi posa imepita. Lemayani kakataa taulo, eti baraka isifutwe. Alikunywa chai ananuka kama dimbwi, na Naserian anamtazama kama kavaa manukato. (Kijana ana adabu, nimekubali. Lakini nilitaka kukubali mimi mwenyewe, siyo mashavu yangu.)

Wageni walipoondoka nikaita nyumba nzima, hadi yule wa simu, nikatoa amri moja. Kuanzia leo, mtu yeyote asiiname mbele yangu kabla hajaniuliza nina nini mdomoni.