Uso wa Rukundo Haukuwa Fromaji

Parking ya moto, zile pikipiki za kubeba watu, ya Kitshanga, pale mbele ya soko, iko na benchi moja tu, na hiyo benchi iko na wenyewe. Kuna Edmond, dereva wa moto, tunamuitaka Sans Frein: moto yake haina freni ya kuisimamisha, na kinywa chake vilevile. Kuna Damien, mulimaji wa maharagi, jina lake la benchi ni Amina, juu anajibuka "amina" hata radio ikitangaza bei ya sabuni. Kuna miye, mwenye diplome ukutani na mikono mufukoni. Na kuna Mama Myriam, mwenye chai ya maziwa na mandazi, anayetuita siye wote "wapotevu wangu" na hajawahi kukosea.

Asubuhi ile radio yake ndiyo ilichokoza watu. Ilisema watu wajichunge na pomadi za uso zenye kuuzwa ovyo sokoni, kwamba kuna mwanamuke alipaka moja, ngozi ikatoka yote.

"Uso kutoka!" Sans Frein akapiga goti lake. "Miye moto iliniburuza uso mu mawe ya kilima muzima, na uso ilikatala kutoka!"

"Ingelitoka tungelimushukuru Mungu," nikasema.

"Amina," Damien akaitika.

Shekinah, binti ya Mama Myriam, alikuwa anageuza mandazi. Anasomea unganga, udaktari wa hospitali, kule Goma, alikuwa amekuja kumusaidia mama yake wakati wa likizo. Akainua mwiko sawa mwalimu.

"Hiyo radio imechanganya mambo. Kuna pomadi za kuchubua, hizo ni sumu tupu. Na kuna pomadi ya munganga, ya chunusi na ya mikunjo, inaitwa tretinoini. Hiyo haina shida. Shida iko mu kichwa ya mwenye kuipaka."

"Ya mikunjo?" Sans Frein akashangaa. "Kumbe mikunjo ni ugonjwa? Basi Mama Myriam alazwe leo leo!"

"Mikunjo yangu uiache," Mama Myriam akajibu bila kugeuka. "Kila moja iko na vita yake. Hii ni ya kukimbilia Walikale na watoto ku mugongo. Hii ni ya kukimbia tena kutoka kule Walikale. Nikizipaka dawa zikatoka, nani ataamini kwamba nilikuwako?"

Sans Frein akainamia kikombe chake. Siye wenyewe kunyamaza hatuwezi sana, kwa hiyo tulishukuru tulipoona kaske inakuja.

Nasema kaske, juu mutu hatukumuona. Ilikuwa kaske kubwa nyeusi, kofia ngumu ya dereva wa moto, kioo kimefungwa, na chini yake koti ya Rukundo, na viatu vya Rukundo, vinatembea kwa miguu. Sasa Rukundo moto hana. Hajawahi kuwa nayo. Hata baiskeli anaipishaka.

Huyu Rukundo anatengeneza fromaji, ile jibini ya kukomaa, mu laiteri yake, kiwanda kidogo cha maziwa, hapo juu ya kilima. Fromaji yake ni nzuri, kweli, lakini ukimuomba akuuzie moja mapema anakuhubiria mpaka njaa ikuishe: fromaji haiharakishwe, fromaji iko na muda yake, mutu asiyeweza kungoja akule muhogo.

"Jambo wapendwa," sauti ikatoka ndani ya kaske sawa ya mutu aliyeanguka mu kisima.

"Eh, Rukundo! Moto umeiacha wapi? Mu mufuko?"

"Ni baridi tu, kaka."

"Baridi? Damien ako na shati wazi mpaka kitovu!"

"Amina," Damien akasema, akafunga kifungo kimoja.

Mama Myriam akamupatia kikombe. Rukundo akaangalia chai, chai ikamuangalia. Akafungua kioo kidogo sana, kipimo cha kupitisha barua, akajaribu kumimina. Chai yote ikashuka ku shingo. Akaruka akilia, na alipokuwa anaruka, Sans Frein akakamata kaske kwa nyuma, akaivuta.

Mungu wangu.

Uso ulikuwa mwekundu mpaka masikio. Ngozi ilikuwa inaachana vipande vipande, sawa kirai, yaani kiazi, kilichochemka kupita kiasi. Na ku paji na ku kidevu, chunusi! Chunusi zenye vichwa vyeupe, zimejipanga sawa wanafunzi ku drapo, mbele ya bendera, za kijana wa sekondari aliyetoka kugundua wasichana juzi.

Hata Damien alisahau kusema amina.

"Rukundo," Sans Frein akauliza polepole, "nani amekumenya?"

Shekinah akaacha mandazi ziungue. "Kaka Rukundo! Nilikuambia nini?"

"Uliniambia nipake."

"Nilikuambia upake kidogo! Punje moja ya petipwa, ile mbegu ndogo ya kijani, kwa uso yote! Jioni tu, uso ikiwa imekauka vizuri. Mara mbili kwa wiki kwanza, ngozi izoee. Upake na mafuta ya kulainisha, na mchana ujikinge na jua. Na nilikuambia ungoje miezi! Hata miye wiki za kwanza nilikauka, chunusi ziliongezeka mbele ya kuisha. Nikapunguza, nikangoja. Njo uangalie sasa!"

Akageuza shavu lake. Sans Frein akasogea kuangalia zaidi ya pale alipoitwa, mwiko wa Mama Myriam ukamurudisha.

"Weye ulipaka namna gani?" Shekinah akakaza.

Rukundo akainamisha kichwa. "Asubuhi na jioni."

"Punje?"

"Kijiko."

"Kijiko!"

"Sikiliza, dada. Miye najua kazi. Fromaji ukiigeuza jioni tu, upande mumoja unaoza. Inageuzwaka asubuhi na jioni. Kisha unaiosha na maji ya chumvi, juu ngozi yake ishike. Kisha unaikaza na kitambaa."

Watu wote wakamuangalia.

"Uliosha uso yako na maji ya chumvi," Shekinah akasema. Hakuwa anauliza.

"Ya moto kidogo."

"Na kitambaa?"

"Nilikuwa nalala nayo. Nimeifunga vizuri."

Hapo Sans Frein akaanguka chini ya benchi. Miye nilishika nguzo ya shitingi, ile turubai ya kivuli, machozi yananitoka. "Bwana mukubwa," nikasema, "siye unatungojesha fromaji mpaka tunasahau kama tuliiomba, sasa uso yako mwenyewe ulitaka ikomae kwa siku ngapi?"

"Mbele ya posho, hii Jumamosi inakuja."

"Juu ya nini posho?"

Akakaa. Akatoa habari yote, kama mutu anayejitoa mwiba. Alikuwa amependana na Tuyizere, binti wa kule Mweso. Posho alikuwa anangojewa kule kwao na pombe ya kufungua mulango, ya kuomba binti. Na kule kwao alikuwa amepeleka habari kwamba ako na miaka makumi tatu.

"Na uko na ngapi?" Damien akauliza.

"Makumi ine na tatu."

"Tuyizere anajua?"

"Anajua. Yeye hana shida. Lakini ni wazazi njo wanatoa binti. Nilifikiri, mwanaume mwenye mikunjo watamukatala. Nimeishi peke yangu na fromaji mpaka imetosha, wapendwa. Fromaji hazijibuke ukizisalimia."

Lile neno lilikuwa karibu kutufunga kinywa. Karibu tu.

"Zile za kwako zingelijibu," Sans Frein akasema, "zingelikuambia: Papa, usinifuate mu maji ya chumvi!"

Ni pale moto moja ikasimama, akashuka mama mumoja mwenye kitenge cha kanisa na sura ya mutu anayehesabu ng'ombe za wengine. Rukundo akaangalia mara moja, akapokonya kaske, akaiingiza kichwani mpaka shingo.

"Ni shangazi," kaske ikanong'ona. "Mama Nyiramana. Wakubwa wangu, munisaidie. Munisemee vizuri."

Kule kwao ndiyo desturi: mbele pombe ya mwanaume haijapokelewa, shangazi ya binti anakuja kwanza kumuangalia bila kutangaza, amukute vile alivyo. Mama Nyiramana akatusalimia, akaikala papo hapo ku benchi, bega kwa bega na kaske.

"Watoto wangu, namutafuta Rukundo, mwenye fromaji. Munamujua?"

Tukaangaliana. Rafiki ni rafiki, hata akimenywa.

"Yule kijana?" Sans Frein akaanza. "Mama, ile ni mutoto kabisa! Ndevu zake zimeanza mwaka hii!"

"Hata maji ya ubatizo haijamukauka ku kichwa," Damien akaongeza.

"Tukicheza mupira," nikasema, juu sikutaka kubakia nyuma, "tunamuweka na wale wadogo, wakubwa wasimuumize."

"Analala mapema," Sans Frein akasema. "Anapenda maziwa."

Kwa kila uongo, kaske ilikuwa inakubali kwa kichwa.

Mama Nyiramana akashusha pumzi ndefu. "Basi ni kweli vile tulisikia. Nimekuja bure."

"Bure namna gani, Mama?"

"Kaka yangu Nzabandora, baba ya Tuyizere, hataki tena vijana. Wa kwanza aliyeleta pombe alikuwa vilevile, uso laini sawa yai. Tukamupokea, tukamuimbia. Mwezi haukuisha, akakimbilia Walikale kuchimba madini, na mbuzi aliyotuletea akaondoka nayo. Tangu siku ile kaka yangu anasema: munitafutie mwanaume mukubwa. Mwenye mikunjo. Mwenye magoti yanalia. Mutu hata akitaka kukimbia, jioni tunamukuta pale chini ya kilima anapumzika. Huyu wa makumi tatu, nimetumwa kumuambia apana. Pombe yake aikunywe na wenzake."

Benchi ikatikisika. Kaske ikaruka juu, ikadondoka, ikavingirika mpaka ku miguu ya Mama Myriam.

"Mama! Ni miye Rukundo! Niko na makumi ine na tatu! Kukimbia siwezi hata ng'ombe ikinifuata!"

Na siye, bila aibu, tukageuka kama chapati.

"Ni kweli Mama, ni kizee huyu!" Sans Frein akalalamika. "Baba yangu anamuitaka 'mukubwa'!"

"Kinywa chake kina meno tatu za kukopa," Damien akasema. "Naapa mbele ya Mungu. Amina."

"Magoti, Mama!" nikapiga kelele. "Sikiliza magoti! Rukundo, chuchumaa!"

Rukundo akachuchumaa. Akasimama. Akachuchumaa tena. Magoti yale, yanayoliaka kila siku sawa mulango wa gereza, asubuhi ile yakakaa kimya kabisa.

Mama Nyiramana akamushika kidevu kwa vidole viwili, akamugeuza upande wa jua. Akaangalia mashavu mekundu. Akaangalia vipande vya ngozi. Akahesabu, nafikiri, chunusi.

"Mutoto wangu," akasema, "wazee wa kwetu hawaotake chunusi."

"Mama, si chunusi za umri," Shekinah akaingilia haraka. "Ni dawa. Ukianza tretinoini, chunusi zinatokaka kwanza mingi, ngozi inamenyeka. Na yeye alipaka kupita kipimo. Akiacha ngozi ipumzike, uso itarudi. Mwanaume huyu ni mukubwa kweli."

"Dawa ya nini?"

"Ya... kupunguza mikunjo."

Mama Nyiramana akamuachia kidevu.

"Kwa hiyo alikuwa nazo."

"Nilikuwa nazo mingi, Mama!" Rukundo akalia. "Mizuri! Hapa, na hapa pembeni ya macho!"

"Na ukazifukuza."

"Nilifikiri munapenda..."

"Mara ngapi kwa siku?"

Rukundo akaangalia viatu vyake. Sans Frein, ambaye kinywa chake hakina freni, akajibu kwa niaba yake: "Mbili, Mama. Kwa kijiko."

Mama Nyiramana akasimama, akakunguta kitenge chake kana kwamba ujinga unashika ku nguo.

"Sikiliza. Kama chunusi hizi ni zako, uko mutoto. Kama ulizinunua, uko mutoto kupita yule wa mbuzi, juu yeye alikimbia na miguu, weye unakimbia na uso. Kaka yangu aliniambia nichague mwanaume mukubwa. Hapa naona ngozi ya kijana na akili ya kijana. Ukubwa uko wapi nimupelekee?"

Akapanda moto yake, na vumbi lake likaikala ku uso wa Rukundo, pale palipokuwa pabichi.

Sans Frein akajaribu kusema kitu, Mama Myriam akamutazama, akakiacha. Mwisho Rukundo akageukia Shekinah, sauti ndogo.

"Dada Shekinah. Weye unasoma. Pomadi ya kumuzeesha mutu haraka, haiko?"

Shekinah akageuza andazi lake.

"Iko, kaka. Inaitwa ndoa. Lakini hiyo wametoka kukunyima sasa hivi."

"Amina," Damien akasema, na kila mutu akaenda kutafuta kazi yake.