Tantebo ya Baba Mkwe

Jumatatu, 14 Julai

Nimeipata santuri ya baba mkwe! Ilikuwa kwa muuza vitu vya mtumba, imelaliwa na santuri za kwaya na za hotuba za kilimo. Santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande. Katikati, kwa herufi zilizofifia, limeandikwa jina la mwimbaji: Gibson. Huyo ndiye baba yake mke wangu Tupokigwe. Siku hizi ni mzee wa kanisa kule Tukuyu na hacheki ovyo, lakini enzi zake alikuwa na suruali pana na bendi.

Jumapili anakuja hapa Kibamba kuteua mwenyekiti wa kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, ya Lusungu, kitinda mimba wake. Wagombea ni wakwe wawili. Mimi, na Godlisten wa Kunduchi, aliyemwoa mdogo wake Tupokigwe. Godlisten aliwanunulia wakwe tangi la maji, na tangu siku hiyo anaitwa “mwanangu”. Mimi mpaka leo ni “yule wa Kibamba”.

Nautaka uenyekiti huo. Nautaka kuliko nilivyoutaka ukarani mkuu, ambao nao walimpa mtu mwingine.

Mpango: Mzee akivuka kizingiti, apokelewe na sauti yake mwenyewe ya ujana. Machozi yatamtoka, tangi litasahaulika, uenyekiti wangu. Kinachokosekana ni kitu kidogo tu, mashine ya kuipigia.

Jumanne, 15 Julai

Kazini kwangu masijala kulikuwa kimya, nikasoma habari za tantebo asubuhi nzima. Tantebo ndilo jina la kitaalamu la mashine ya santuri. Wajuzi wa mtandaoni wanakubaliana: mkono wake uweze kurekebishwa uzito, sahani yake isiyumbe, na kwa vyovyote vile mtu asinunue zile za plastiki zenye umbo la begi. Sindano zake ni nzito, zinalima santuri. Nimeyakariri yote. Sasa mimi ni mtaalamu.

Tatizo ni bei. Tantebo nzuri zinauzwa kwa watu wasiouliza bei.

Jioni nikapita Temeke kwenye duka la Mzee Abdulhadi kumchukulia Tupokigwe vitambaa vya makochi. Duka hilo lilikuwa la babu yake, na yeye anamjua kila mtu mwenye kitu cha kuuza. Nikamwamkia, nikamwambia natafuta tantebo ya bei nafuu, ya kusikilizia muziki wa zamani. Akasema tantebo haijui, lakini kama ni muziki wa zamani, anacho kinanda.

“Cha marehemu baba, bwana Theonest. Mti mtupu. Na sindano nimekitilia mpya.”

Nikamhurumia. Mimi nazungumzia santuri, yeye ananiletea kinanda cha kwaya. Halafu sindano! Muuza vitambaa akizeeka, hata kinanda anakiona cherehani. Nikamshukuru kwa heshima zote, nikaondoka.

Nikiwa njiani akili ikafanya kazi. Godlisten ni mlezi wa kwaya kule Kunduchi, na kinanda chao kimekufa tangu Pasaka. Nikampigia. Nikamwambia, mwanyumba, nimekuonea kinanda Temeke, cha mti, bei ya kutupa, kimbia kabla hawajakuwahi wengine. Akanishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Atavuka jiji zima kufuata gogo bovu, kwaya itamsema, na Jumapili atakuja kwa Mzee amenywea. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ni nyingi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimenunua tantebo. Ni ya begi.

Najua walichosema wajuzi. Lakini wao hawakuiona hii. Ina rangi ya maziwa kama makochi yetu, ina taa nyekundu, na bei yake ilinichekea. Muuzaji akasema zimebaki mbili. Dukani nikamkuta mama mmoja anaitazama kwa jicho la kununua, ningefanyaje?

Nimeijaribu. Sahani inazunguka. Sauti inatoka. Shida ni kwamba swichi ya kuchagua mwendo ni pambo tu, haibadilishi kitu. Santuri yangu ni ya mwendo wa haraka, mashine inajua wa polepole peke yake. Kwa hiyo Mzee Gibson, mzee wa kanisa, asiyegusa hata togwa iliyolala, anaimba kama mtu anayetolewa kilabuni kwa kushikwa mkono. Tupokigwe alisikiliza akiwa ameshika mwiko. Akasema baba akisikia hivi, uenyekiti nisahau, na ndoa yenyewe niiombee.

Nikamwambia ni suala la kiufundi.

Na kweli. Nimegundua kwamba nikiisukuma sahani kwa kidole, taratibu, kwa mahesabu, Mzee anapata fahamu na kuimba vizuri kabisa. Mikono ya karani imezoea kazi ndogondogo. Kilichobaki ni kukificha kidole.

Ijumaa, 18 Julai

Nimetoka mapema kazini kwenda Keko. Nimemtafuta fundi seremala mmoja, Marselino, nikamweleza: kabati dogo la kuwekea tantebo, mbele na juu lifungwe vizuri, ubavuni liwe na tundu la kupitisha mkono wa mtu mzima. Mimi nitakaa chini kando yake kama mtu aliyezama kwenye muziki, na mkono utafanya kazi ndani. Nani atashuku?

Marselino akauliza kama ni la njiwa. Nikasema ni la muziki. Akalitazama tundu nililomchorea, akanitazama mimi, akasema kwake yote ni mbao.

Akanishauri tundu liwe kubwa zaidi. Nikakataa. Tundu kubwa linaonekana ni hila, dogo linaonekana ni mtindo. Fundi asiingilie usanifu.

Jumamosi, 19 Julai

Kabati limefika, limependeza. Mkono unaingia kwa kubana kidogo. Kutoka pia, kama hauna haraka.

Godlisten kapiga simu. Kacheka sana. Kasema kinanda amekipata, ni kizuri kupita kiasi, na hawapi kwaya ng'o. Anamletea Mzee zawadi kesho. Nilibaki na simu sikioni nikijifinya nisicheke. Mzee vidole vyake vina baridi yabisi, hata kifungo cha shati anafungiwa na mkewe, na huyu anampelekea kinanda! Nikampongeza kwa wazo zuri. Nikamsihi asibadili mawazo.

Nimemwambia Tupokigwe aanze kuniita mwenyekiti ili azoee. Kasema nikatoe takataka, mwenyekiti.

Jumapili, 20 Julai

Siku kuu. Niiandike kwa utaratibu, mikono bado inanukia mafuta ya alizeti.

Mzee alikuja moja kwa moja kutoka ibadani. Nilisikia kikohozi chake getini, nikawasha tantebo, nikaingiza mkono, nikaanza kusukuma. Sauti ikatoka safi. Ila nilikuwa na wasiwasi, mkono ukatoka jasho na kuvimba. Mzee akasimama mlangoni. Mkwe anatakiwa ainuke, aende, atoe mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko. Wa kulia ukagoma kutoka. Nikavuta, kabati likanifuata. Nikaamua kubaki pale pale chini, magoti sakafuni, kichwa nimekiinamisha kwa maumivu.

“Shikamoo baba,” nikasema nikilitazama zulia.

Mzee alishangaa magoti yangu, wimbo wake wala hakuutambua. Kidole kikateleza, Mzee wa kwenye santuri akaanza kulewa, nami nikachomoa haraka waya wake ukutani kwa mkono wa kushoto. Kisha nikamsikia Mzee wa mlangoni akimwambia Tupokigwe kwamba tangu aanze kuoza mabinti hajapata kuona mkwe aliyemsalimia kwa magoti. Siku hizi vijana wanasalimia wakiwa na simu. Huyu ana malezi.

Huyu! Si “yule”. Huyu!

Tupokigwe akaniletea mafuta kutoka jikoni akijifanya anapangusa kabati. Mkono ulikuwa unatoka ndipo Godlisten alipoingia, amekumbatia kitu kilichofunikwa kanga. Akakiweka mezani, akafunua.

Ilikuwa tantebo. Sanduku la mti linalong'aa, sahani nzito, mkono wa chuma wenye sindano mpya. Imara kuliko zote nilizozisoma masijala. Nikauliza kinanda kiko wapi. Godlisten akasema ndicho hiki. Na yeye alipofika kwa Mzee Abdulhadi alikuwa anatafuta vitufe vya kubonyeza, mwenye duka akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe watu wa pwani wa zamani santuri wanaipiga kwenye kinanda. Kinanda cha santuri!

Nilikuwa nimeikataa kwa mdomo wangu, kisha nikamkabidhi mpinzani.

Mzee akauliza kama kuna santuri ya kujaribia. Godlisten hakuwa nayo hata moja. Wote wakanigeukia mimi. Nikaitoa ile ndogo, nikampa. Mzee akasoma jina katikati, akaisogeza mbali na macho, akasoma tena. Tukaiweka kwenye kinanda. Mwendo wake hasa, bila kidole cha mtu. Mzee akaimba pamoja na nafsi yake, kwanza kwa kujizuia, halafu akatoa sauti yote, na kwa vidole vyake vya baridi yabisi akawa anapiga mdundo pajani. Wimbo ulipoisha alilia kweli. Na mimi nililia, sioni aibu kuandika, maana kwa kitambo kile uenyekiti nilikuwa nimeusahau.

Akauliza nani aliitafuta santuri. Nikasema mimi. Akauliza nani alikigundua kinanda. Nikafumba macho. Godlisten, mtu wa ajabu huyu, akasema ukweli mtupu: ni Theonest, baba. Ndiye aliyenielekeza, tena alinihimiza niwahi.

Mzee akainuka, akanishika bega lenye mafuta.

“Mwanangu Theonest,” akasema, “kamati ya mdogo wako utaiongoza wewe. Godlisten atakusaidia kutunza hazina.”

Nimeliandika jina langu jinsi alivyolitamka. Ushindi!

Jumatatu, 21 Julai

Nimetafakari, na nimeridhika kwamba mpango wote ulikwenda nilivyoupanga. Nilimtuma Godlisten akakilipie kinanda na kukibeba mpaka kwangu, bila mwenyewe kujua. Wachache wanaweza.

Mchana nilipita dukani kwa Mzee Abdulhadi kumshukuru, nikamweleza habari za sendofu. Akafurahi. Akasema kwao hawajapata kuoza binti bila upatu, na wa marehemu bibi yake bado anao. Shaba tupu, wala hauna ufa, na ukipigwa mtaa wote unatoka nje. Kamati ikitaka atauazima bure.

Mzee wa watu ana mafumbo! Nimemwelewa mara moja. Upatu wa zamani hivyo, wanachama wake lazima ni waaminifu kama shaba, na kama zamu yako ikifika mtaa mzima unatoka kushuhudia, basi mchezo huo wa kupeana fedha ni mnono. Nimempigia mweka hazina wangu. Nimemwagiza kesho asubuhi aende Temeke na michango yote ya kamati akatuandikishe.